Mti wa Presi ya Sharifa

Kuna watu hapa Rumonge wakimwona Nadia anapita na kofia yake ngumu ya kazi kichwani, wanasema, "Yule mtoto ana bahati." Bahati! Nikisikia neno hilo damu inanichemka. Bahati ni kukuta kuku barabarani asiye na mwenyewe. Nadia hakukuta kitu barabarani. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu haya mawili, na leo nitasema yote. Anayetaka kununa anune.

Mimi wananiita Mama Akonkwa, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Kwetu ni Kabare, upande wa Kongo. Nilipovuka mpaka na kufika huku ufuoni mwa ziwa sikuwa na mtu, na mwanamke aliyenipa kazi na mahali pa kulaza watoto ni Sharifa, mama yake Nadia. Yeye ni wa msikitini, mimi ni wa kanisani. Idi nakula kwake, Noeli anakula kwangu, na katikati ya hapo tunagombana kila siku: juu ya chumvi, juu ya kuni, juu ya nani aliyeanza kuchoka. Ndio undugu wetu.

Kazi yetu ilikuwa presi. Kwa asiyeijua, presi ni pipa kubwa la chuma lililosimikwa ardhini, na ndani yake umesimama mhimili wenye meno. Matunda ya michikichi yanachemshwa mpaka yalainike, yanamwagwa humo yakiwa bado yanatoa mvuke. Juu ya mhimili kumefungwa mti mrefu, na wanawake wanausukuma kwa mabega, wanazunguka, wanazunguka, meno yanaponda, na kule chini mawese yanatoka kwenye bomba. Wengine wana ng'ombe wa kazi kama hiyo. Pale kwa Sharifa ng'ombe tulikuwa sisi.

Sharifa aliusukuma mti ule tangu kabla hajaolewa. Bega lake la kuume liliota sugu, na usiku lilikuwa linamuuma hata anashindwa kulilalia. Miguu nayo ilizoea duara vibaya sana. Akisimama sokoni kununua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, utamwona anahama kidogokidogo, anamzunguka muuzaji. Tulimcheka! "Mama Nadia, simama, unamtia mwenzio kizunguzungu!" Anacheka naye, anasimama, halafu kabla hajalipa miguu imeshaanza tena.

Nadia alikulia juu ya mti huo. Alipokuwa mdogo tulimketisha kwenye ncha yake, akawa anabebwa huku tunasukuma. Mtoto mwingine angeimba. Huyu anauliza. "Mama, kwa nini nikisukuma hapa katikati ni kuzito, na huku mwisho ni kwepesi?" Mama yake anahema, jasho linamwingia machoni, anamjibu, "Nadia, sukuma au shuka, lakini funga mudomo." Alipoingia lise, yaani sekondari, aliiba velo, baiskeli ya baba yake, akaifunga kwenye presi kwa mnyororo, ati apige pedali mti uzunguke wenyewe. Mnyororo ukakatika pu! Gurudumu la nyuma likapinda likawa chapati.

Sasa, baba yake, Hamidou, alikuwa anaishi kwa velo hiyo. Ndiyo iliyobeba bidoni, madumu ya mawese, kutoka Kizuka mpaka sokoni. Tukajificha nyuma ya nyumba tungoje kilio. Hamidou akaliangalia gurudumu, akamwangalia mtoto, akainama akashika mnyororo. Akasema, "Mnyororo ulikuwa mukavu. Ungepaka mawese kwanza." Basi! Hilo ndilo kosa pekee aliloliona mzee yule.

Nalisema kwa sababu lina kazi mbele. Hapa ufuoni mawese si ya sufuria tu. Kufuli ikikwama, mawese. Bawaba ikilia, mawese. Panga jipya, jembe jipya, nanga ya mtumbwi, chuma chochote kikiingia nyumbani kinapakwa kwanza ndipo kitumike. Ndivyo tunavyokikaribisha. Na katika wapakaji wote wa Rumonge, hakuna aliyemfikia Hamidou. Mlango wake ulikuwa unafunguka kwa kupulizwa.

Nadia akafaulu mtihani wa taifa, akapelekwa chuo cha serikali cha ufundi kule Bujumbura, asomee elektromekaniki, yaani moteri, umeme na jinsi mashine inavyoundwa. Darasani wavulana walikuwa tele na wasichana wawili, na yule wa pili akahamia mambo ya ofisi kabla ya Noeli. Nadia akabaki peke yake. Alilala mtaa wa Buyenzi kwa shangazi yake, na siku za Jumamosi akawa anafanya kazi bure kwenye garaji la jirani ili wamfundishe kuchomelea chuma. Kuna wakati umeme wa mtaa mzima ulikuwa unakatika, anachukua daftari zake anakwenda kusomea kwenye duka la mtu mwenye taa ya sola. Akija likizo mikono ina alama za cheche mpaka kwenye viwiko.

Domitille anayeuza vitenge sokoni akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ndagala, "Na huyo nani atamuoa, mikono kama ya fundi?"

Nikamwambia, "Yule atakayeharibikiwa moteri katikati ya barabara. Wako wengi."

Akakaa muda mrefu bila kunisalimu. Nilinenepa.

Mwaka wa mwisho pale chuoni kila mwanafunzi anatengeneza kitu chake, anakileta mbele ya juri, walimu watatu wa kuhukumu. Kitu kikifanya kazi, diplomu. Kisipofanya, hakuna. Nadia alichagua presi. Alikuja akakaa kwenye jiwe langu la kufulia, akaniambia, "Mama Akonkwa, nitatengeneza presi ya moteri. Nataka mama aweke bega chini." Nikamkumbatia yule mtoto na povu la sabuni mikononi.

Mara ya kwanza alianguka. Ndiyo, alianguka, na wale wa "bahati" wasikie vizuri. Matunda tuliyaweka kwenye magunia yakaenda Bujumbura kwa kamyo, yakafika yamelala. Akayachemsha pale uani mwa chuo kwa makaa, haraka haraka, nusu yakaiva nusu yakabaki magumu. Akawasha mashine. Ikakimbia, ikavuma, ikatoa uji wa nyuzi na kokwa, na mawese ya kujaza kijiko. Mwenyekiti wa juri alikuwa Profesa Modeste, mtu mrefu, shati jeupe kila siku, ulimi wa kiwembe. Akauinamia uji ule. "Mademwazeli," akasema, "hii ni mashine ya kutafuna. Ile ya kukamua iko wapi?" Darasa zima likacheka. Wakampa ajurne, yaani arudi kwenye sesyo ya pili. Hiyo ya pili ndiyo ya mwisho. Akikosa tena, miaka yake yote imekwenda na maji.

Alirudi Rumonge macho yamevimba. Alilala mpaka mchana. Sharifa akanivuta nyuma ya jiko, akaninong'oneza, "Mama Akonkwa, ni mimi. Mutoto ananionea huruma na bega langu, ndiyo maana alichagua kitu kigumu. Angechagua taa tu, angefaulu."

Nikamwambia, "Sharifa, ukirudia hayo nitakumwagia maji haya, na ni ya moto." Lakini na mimi niliogopa. Nilijua mtoto akishindwa, mama yake atausukuma ule mti mpaka kaburini, na atausukuma akijilaumu.

Kesho yake Nadia akaamka, akajifunga kitenge, akaja akaweka bega kwenye mti, katikati yangu na mama yake. Hakusalimu vizuri. Akasukuma. Siku ya pili akasukuma. Ngozi ikachubuka, nikampaka dawa, akarudi kusukuma. Nikasema moyoni, basi, amekata tamaa, amekuja kuwa ng'ombe mwenzetu. Kumbe! Siku moja akasimama ghafla, sote tukamgonga mgongoni.

"Mama," akasema, "wewe hukimbii."

"Nikimbie niende wapi?" Sharifa akauliza. "Tunazunguka tu."

"Hukimbii hata kidogo! Mashine yangu ilikuwa inakimbia!" Akaanza kucheka peke yake, mikono kichwani. Akatueleza. Mashine ilizunguka mbio mno, ikayasaga matunda badala ya kuyaponda, na mafuta yakanaswa ndani ya uji ule. Na matunda yenyewe yalikuwa yamepoa, na mafuta ya baridi hayatoki kwa mtu yeyote. Akatoa simu, akampima mama yake mwendo, raundi kwa raundi, huku Sharifa anaona haya kama anapigwa picha ya harusi.

Akarudi Buyenzi. Akatafuta gari bovu, akatoa kisanduku chake cha meno, kile cha kupunguza mbio. Moteri ndogo ya mazutu, yaani dizeli, ikawa inavuta mkanda wa mpira, mkanda unazungusha kisanduku, kisanduku kinapunguza, kinapunguza, mpaka mhimili wa presi unazunguka kwa mwendo wa Sharifa kabisa. Na juu ya mhimili alipanga kuuacha mti wetu uleule, ila aukate uwe mfupi, kwa sababu hapa kwetu kuna siku mazutu haipatikani, na siku hiyo watu watasukuma. Mtoto anafikiri mpaka siku mbaya!

Halafu akamfuata Profesa Modeste mpaka kwenye gari lake. "Profesa, naomba juri ije Rumonge."

"Juri haitembei, mademwazeli."

"Matunda ya moto nayo hayatembei, Profesa. Mara ya kwanza niliyaleta, muliona."

Profesa akakaa na funguo mkononi. Akasema, "Sawa. Tutakuja. Lakini kule ni kwenu, usituambie jua, usituambie barabara, usituambie makaa. Kule hakuna kisingizio."

"Sitakuwa nacho," Nadia akajibu.

Ikafika siku. Mashine ilikuwa imeshafungwa kwenye pipa letu tangu jana yake. Asubuhi tulianza kuchemsha matunda, kila mwanamke na kitenge chake kizuri, Sharifa amevaa mtandio wa Idi. Nadia alikuwa ndani anarudia maelezo yake kwa Kifaransa. Mimi nikaenda kuiangalia ile mashine, nikashika mdomo. Iling'aa! Jua linaipiga, inapendeza kila mahali, hata mpira wake unameremeta. Nikasema, "Mama yangu! Leo walimu wataona haya kukaa karibu nayo." Hamidou alikuwa amesimama kando na kofia yake ya swala, amekunja mikono nyuma, anatabasamu peke yake.

Gari likafika. Akashuka Profesa Modeste na shati lake jeupe. Akashuka mama mmoja injinia, anaitwa Chanceline, mnene, mchangamfu, na mwalimu wa tatu ambaye sikumsikia akisema neno siku nzima. "Amahoro," wakasalimu. "Amahoro," tukajibu. Wakapewa viti. Nadia akasimama mbele yao na kofia ngumu kichwani, akaeleza, wakauliza, akajibu. Sisi Kifaransa kinatupita juu, lakini tuliona vichwa vyao vinakubali. Tukamwaga matunda kwenye pipa, mvuke ukapanda. Nadia akavuta kamba ya moteri.

Moteri ikawaka mara moja. Ikavuma. Watu wakapiga makofi. Tukauangalia mti.

Mti haukuzunguka.

Nadia akaongeza mazutu. Moteri ikalia zaidi, mkanda ukaanza kupiga kelele ya nguruwe anayechinjwa, na mti umesimama palepale. Ukatoka moshi. Na hapo pua yangu ikashtuka, maana haukuwa moshi wa mpira peke yake. Ulikuwa unanukia jikoni. Ulinukia maharage yanayokaangwa kwa mawese! Profesa Modeste akatazama saa. Sharifa alinishika mkono, kucha zikaniingia, na mimi sikuzisikia. Nilikuwa nayaangalia matunda. Yalikuwa yanapoa. Mara ya kwanza yalipoa hivyohivyo, na sasa ndiyo mara ya mwisho.

Nadia akazima moteri. Akapitisha kidole juu ya mkanda, akakinusa. Akainua macho, akatuangalia mmoja mmoja, akafika kwa baba yake. Hamidou alishaacha kutabasamu. Alitoa mikono nyuma, na tukaiona sote. Ilikuwa myekundu mpaka kwenye vifundo.

Alikuwa ameipaka yote. Alipotoka kuswali alfajiri alikwenda na kopo na kitambaa, akaipaka mashine ya mwanawe kila bolti, kila pembe, na mkanda juu na chini, ili ing'ae mbele ya wageni. Mnyororo wa velo ukipakwa unakimbia vizuri. Mkanda wa mpira hauna meno, unashika kwa ukavu wake tu. Ukiupaka mafuta unateleza, moteri inazunguka bure. Hapa nani alikuwa anajua hayo? Ungeniuliza mimi, ningemshikia kopo.

"Nadia," Hamidou akasema. "Mwanangu. Mimi nili…"

Domitille wa vitenge alikuwepo, hakosi penye watu. Nikamsikia anavuta pumzi aseme neno. Nikamgeukia, akaimeza pumzi yake.

Mtoto yule alikuwa na haki ya kulia. Alikuwa na haki ya kumfokea baba yake, au kuwaambia walimu, "Si mimi, ni mzee wangu huyu." Yeye akakaza kofia kichwani.

"Mkanda una mafuta," akawaambia juri. "Nitausafisha. Mama, funika matunda! Magunia yote, na maji ya moto juu yake! Mama Akonkwa, lete majivu, na maji yanayochemka, na sabuni!"

Weee! Nilikimbia mimi, mwili huu huu. Sharifa akatupa magunia juu ya pipa, akavua mtandio wake wa Idi akaziba pale penye mwanya. Nadia alishakuwa chini ya mashine na kle, spana yake, mkononi, analegeza bolti. Mkanda ukatoka. Akautumbukiza kwenye maji ya moto na majivu, tukausugua wawili, maji yakawa mekundu, tukamwaga, tukasugua tena. Wanawake wengine wakaingia kwenye magurudumu na pindo za vitenge vyao vizuri, wanafuta ndani ya mifereji, vitenge vinaharibika na hakuna anayejali. Nadia akaukausha mkanda, akaupitishia majivu makavu, akapitisha kidole, akakinusa. Akaurudisha. Sasa ulihitaji kukazwa, na moteri lazima mtu aivute nyuma wakati yeye anafunga.

Akanyoosha mkono bila kuangalia. "Wewe, shika hapa! Vuta kwako! Kwa nguvu!"

Mtu akashika, akavuta kwa nguvu. Nadia akakaza bolti, akakaza nyingine, akabonyeza mkanda kwa dole gumba. Ndipo akageuka kumshukuru aliyemsaidia. Alikuwa Profesa Modeste, magoti mavumbini, shati jeupe limepata mawese kutoka kola mpaka mkanda wa suruali.

"Pardon, Profesa!" Nadia akapiga kelele.

"Washa, mademwazeli," akasema yule mzee, anahema. "Matunda yanapoa."

Akavuta kamba. Moteri ikavuma. Mkanda ukashika, kimya, hakuna kelele. Kisanduku kikanguruma kidogo. Na mti ule, mti tuliousukuma kwa mabega yetu, ukatikisika, ukaondoka. Ukaenda polepole, bila mtu. Sharifa akaondoa magunia, mvuke bado upo. Tukainama sote kwenye bomba. Kwanza hakikutoka kitu. Halafu likatoka tone, halafu uzi, halafu yakaja mawese yenyewe, mazito, mekundu, yanamwagika kwenye beseni kwa sauti. Tulipiga vigelegele mpaka wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu huko chini wakaja mbio wakidhani ni harusi. Mimi nililia. Nasema wazi, nililia kwa sauti na sikuona haya.

Hamidou hakuwepo. Alikuwa anaondoka, amepita kwenye michikichi, kichwa chini. Nadia akamwona. Akaita, "Baba! Unakwenda wapi? Rudi na kopo lako!"

Mzee akarudi anaburuta miguu. Nadia akamshika kiganja, akakipeleka pale mhimili unapoingia kwenye chuma chake. "Hapa, baba. Hapa pana njaa ya mafuta. Paka hapa kila asubuhi, na hapa. Kule kwenye mkanda usipake." Hamidou akapaka pale alipoambiwa, polepole, kwa kidole kimoja, machozi yanadondoka kwenye ndevu, na Mama Chanceline wa juri akageuka kuangalia ziwa ili asionekane anafuta macho.

Profesa Modeste alirudi kwenye kiti chake na shati lake lile. "Swali la mwisho," akasema, na safari hii akasema kwa Kiswahili, tusikie wote. "Nimesoma kazi yako yote. Kama ungeanza tena leo, ungebadilisha nini?"

Nadia hakufikiri. "Ningeuwekea mkanda kifuniko cha bati, Profesa. Chenye kufuli. Kwenye vitabu wanasema kifuniko ni cha kuzuia mkono usinaswe. Lakini hapa Rumonge, mashine isiyo na kifuniko itapakwa mawese na mtu wa kwanza anayeipenda."

Profesa akacheka. Sikujua kama meno anayo. Akacheka mpaka akashika mbavu, na Hamidou akacheka katikati ya machozi, na hata yule mwalimu wa tatu akatoa sauti. Wakaenda pembeni, watatu, hawakukaa. Profesa akasimama mbele yetu, akajaribu kulinyoosha lile shati, akaacha. Akasema kwamba juri imekubali kazi hii kwa distinksyo kubwa, yaani alama za juu kabisa, na kwamba kuanzia leo wamwite injinia. "Mara ya kwanza nilimwambia mashine yake inatafuna," akaongeza. "Andikeni kwamba leo imekamua mpaka shati langu."

Sasa hivi Nadia ana karakana yake karibu na barabara ya Kizuka. Presi zake zimekwenda mpaka Muhuta, mpaka Bugarama, na kila moja ina kifuniko cha bati na kufuli. Funguo anakaa nazo Hamidou. Kufuli zinafunguka kwa kupulizwa, mnajua kwa nini. Na Domitille alikuja kuniuliza, kwa sauti ndogo, kama Nadia anaweza kumchukua binti yake ajifunze kuchomelea. Nilimwambia nitaangalia. Kwa Nadia nilikuwa nimeshamuulizia, lakini nilitaka Domitille asubiri kidogo.

Ila mimi ninapokumbuka siku ile, sikumbuki distinksyo. Nakumbuka wakati watu wanamnyanyua Nadia juu, kelele, vigelegele, nikageuka nimtafute mama yake. Hakuwa penye watu. Alikuwa kwenye presi. Mti unazunguka, na Sharifa yuko nyuma yake, bega limeinama, mkono umenyooshwa mbele, anatembea. Mti na yeye, mwendo mmoja, hakuna anayemzidi mwenzake. Mkono haukuwa umegusa kitu.

Nadia akashushwa, akaja, akatembea pembeni yake. "Mama, unafanya nini?"

"Nasukuma," Sharifa akasema. "Matunda bado iko ndani."

"Angalia mkono wako, mama."

Sharifa akaangalia. Akaona ule upenyo kati ya mkono wake na mti. Akasimama. Mti ukaendelea mbele bila yeye, ukazunguka upande wa pili, ukarudi ukapita mbele ya kifua chake, ukaenda tena. Akaungoja upite mara nyingine, ahakikishe. Nadia akageuza bidoni tupu, akaiweka nyuma yake.

"Kaa, mama."

Sharifa akakaa. Miaka yote ile niliyofanya naye kazi, sikuwahi kumwona ameketi huku mawese yanatoka.